Mbao ngumu, paini, MDF au chuma: kipi kwa kitanda, kipi kwa kabati

Anayeanza kujaza nyumba huuliza kwanza, "Mbao gani nzuri?" Swali hilo halijibiki mpaka ijulikane kazi ya chombo chenyewe. Kitanda hutikiswa kila usiku. Kiti cha kulia huburutwa sakafuni na kuegemewa kwa miguu miwili ya nyuma. Kabati la nguo likishawekwa ukutani halisogei mpaka siku ya kuhama. Vyombo hivi vitatu vinaharibika kwa njia tatu tofauti, kwa hiyo kununua seti nzima ya chumba kwa mbao za aina moja mara nyingi ni kulipa zaidi pasipohitajika na kubana pesa pasipofaa.

Kwa haraka, vifaa vinne vinavyopatikana karibu kila mji wa Afrika Mashariki vinalinganishwa hivi (MDF ni bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, chipubodi ni ya vipande vya mbao):

| | Mninga, mkongo, mtiki | Paini, saiprasi | MDF, chipubodi | Chuma |
|---|---|---|---|---|
| Uzito, kilo kwa mita ya ujazo | takriban 600 hadi 850 | 400 hadi 500 | 600 hadi 800 | 7,850 (ila bomba lina uwazi ndani) |
| Ikilowa | hustahimili | hupinda, huota madoa | huvimba, hairudi | hupata kutu |
| Mchwa na dumuzi | kiini hustahimili, weupe wa nje huliwa | huliwa isipotiwa dawa | mchwa hula | hawakigusi |
| Kufungua na kufunga tena | mara nyingi | mara kadhaa | mara moja au mbili | mara nyingi |
| Kutengenezwa mtaani | rahisi | rahisi | vigumu | rahisi, kwa kuchomelea |

Mstari wa nne, wa kufungua na kufunga tena, ndio unaosahaulika zaidi, na kwa mpangaji ndio mzito kuliko yote.

Mbao ngumu hazifanani

Mninga unasifiwa Tanzania kuliko mbao zote, lakini sifa yake kubwa si ugumu. Mkongo, ambao Pwani wengine huuita mbambakofi, ni mgumu na mzito kuuzidi. Kinachoupa mninga thamani ni utulivu: ukishakauka, husinyaa na kuvimba kidogo mno. Droo ya mninga haikwami wakati wa masika wala haipwayi kiangazi. Hurandika vizuri, hushika gundi na vanishi bila shida, na kiini chake hakiwavutii mchwa.

Neno la kushika hapo ni kiini. Ubao wa mninga una sehemu mbili: kiini cha kahawia chenye michirizi ya dhahabu au wekundu, na utepe mweupe uliokuwa karibu na gome. Dumuzi hula weupe huo kama wanavyokula mbao yoyote laini. Mtu akilalamika kwamba kitanda chake cha mninga kinamwaga unga sakafuni, ukigeuza mbao utakuta matundu yako kwenye weupe tu. Fundi mwangalifu huukata na kuutupa. Asiye mwangalifu huugeuzia chini ya kitanda, au huupaka rangi ya kahawia ufanane na kiini.

Mkongo unafaa miguu, nguzo na uso wa meza inayopigwa kila siku. Ni mbao inayomaliza makali ya msumeno, na msumari ukigongwa bila kutobolewa kwanza, ubao hupasuka au msumari hupinda. Mtiki, yaani msaji, ni wa mashamba: Longuza wilayani Muheza, Mtibwa na bonde la Kilombero mkoani Morogoro. Una mafuta ya asili yanayofukuza maji na wadudu, lakini mafuta hayo hayo huikataa gundi. Kiungo cha mtiki kifutwe kwa spiriti dakika chache kabla ya kupakwa gundi, la sivyo kitaachia. Mtiki uliovunwa mchanga huwa na weupe mwingi na haudumu kama jina lake linavyoahidi, kwa hiyo angalia ncha ya ubao uone kiini ni kiasi gani.

Tangu mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama mnamo Novemba 2022, mninga, mkongo na mkangazi wa Afrika zimo katika Kiambatisho cha Pili, maana yake magogo na mbao zake hazivuki mpaka bila kibali. Mnunuzi wa Nairobi anayeuziwa "mninga" kwa bei ya saiprasi basi ajue anauziwa rangi. Ndani ya Tanzania nako, anayenunua samani mpya za mbao ngumu mkoani na kuzisafirisha adai risiti na aulize ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) kuhusu hati ya kusafirisha mazao ya misitu kabla ya kupakia. Kwenye kizuizi barabarani, maelezo ya mdomo hayasaidii.

Kutambua mninga wa kupaka si kazi kubwa. Lala chini uangalie upande wa chini wa kitanda, ndani ya droo na nyuma ya kichwa cha kitanda, sehemu ambazo rangi hupakwa kwa haraka au haipakwi kabisa. Kwaruza kidogo kwa ncha ya ufunguo mahali pasipoonekana: paini itatoa weupe, mninga utabaki kahawia mpaka ndani. Paini pia ina mistari ya kupokezana, mmoja mweupe na mmoja mweusi, na vifundo vya mviringo vyenye utomvu. Kisha nyanyua. Ubao wa paini ni mwepesi kiasi ambacho hata asiye fundi atashtuka.

Tatizo la mbao mbichi

Sehemu kubwa ya samani za mtaani zinazolegea baada ya miezi sita hazikutengenezwa kwa mbao mbaya. Zilitengenezwa kwa mbao mbichi. Samani ya ndani inataka ubao wenye maji asilimia 12 hivi ya uzito wake mkavu, juu kidogo kwa Tanga, Mombasa na Zanzibar, chini kidogo kwa Dodoma. Ubao mgumu unaokaushwa kwa upepo tu huhitaji karibu mwaka mzima kwa kila inchi ya unene. Ulioingia karakana juzi kutoka msituni na kuwa kitanda leo utaendelea kusinyaa chumbani mwako: ulimi wa kiungo unakuwa mwembamba ndani ya tundu lake, gundi inakatika, na kitanda kinaanza kulia.

Mafundi wenye karakana kubwa wana kipimo cha unyevu kinachochomekwa kwenye ubao. Asiye nacho anaweza kuomba kipande kilichokatwa katikati ya ubao, si mwishoni, akakipima kwenye mizani ya jikoni, kisha akakiweka ndani ya oveni kwenye nyuzi 100 hivi na kukipima kila baada ya saa chache mpaka kisipungue tena. Kipande cha gramu 500 kikiishia gramu 430, kimepoteza 70. Gawa kwa 430, unapata asilimia 16. Kwa samani ya ndani hiyo ni juu kidogo. Kikizidi 20, usikubali.

Paini ina faida hapa kwa sababu hukauka upesi. Zile za mashamba ya Sao Hill, Mufindi, zinapatikana nchi nzima kwa vipimo vya inchi vinavyoeleweka: 2 kwa 2, 2 kwa 4, 1 kwa 6, 1 kwa 8. Madoa ya bluu kwenye paini ni ukungu uliokula sukari ya mti wakati ubao ukiwa mbichi. Hayapunguzi nguvu sana, ila yanakuambia ubao huo ulichelewa kukaushwa. Rangi ya kijani ni jambo jingine. Mbao za kenchi zenye ukijani huwa zimeshindiliwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki. Hazifai kitanda cha mtoto wala meza ya kulia, na masalia yake yasichomwe kwenye jiko. Kwa samani ya ndani omba paini iliyotiwa dawa ya borati, au ikauke vizuri na kupakwa vanishi pande zote, pamoja na zisizoonekana.

Kitanda

Hapa ndipo pa kuweka pesa. Kitanda cha sita kwa sita hubeba watu wawili na godoro, na mzigo huo haukai kimya: unageuka, unakaa ukingoni kuvaa viatu, na wenye watoto wanajua mengine. Kinachoua kitanda ni viungo, mara chache sana ubao wenyewe.

Mbao mbili za ubavuni ziwe na upana usiopungua inchi 6 na unene wa inchi moja na nusu. Ndani yake hukaa kipande cha kushikilia chaga, na hiki kifungwe kwa gundi na skrubu kila sentimita 20. Kikigongomelewa misumari mitupu, siku moja kitang'oka chote kwa mpigo na godoro litaanguka. Chaga zenyewe, kwa upana wa inchi 3 na unene wa inchi 1, ziachane inchi 3 au pungufu. Kwa urefu wa futi 6 hiyo ni chaga 12. Nafasi ikizidi hapo, sponji huzama kati ya chaga na godoro hukatika mgongo kabla ya wakati wake, kisha lawama anatupiwa mwenye duka la magodoro. Kitanda cha tano kwa sita na cha sita kwa sita kinahitaji pia boriti ya katikati yenye mguu unaogusa sakafu. Mguu huo huondolewa mara nyingi kupunguza gharama, na chaga huanza kuinama.

Chaga za paini kwenye kitanda cha mninga si wizi. Ni uamuzi wa busara, mradi bei iseme hivyo na kusiwe na kifundo katikati ya chaga, kwa kuwa hapo ndipo inapovunjikia.

Sasa viungo. Ubavu unaoungana na kichwa cha kitanda kwa bolti ya milimita 8 na nati iliyofichwa ndani ya ubao hukazwa upya kila kinapolegea. Kulabu za bati zinazotumbukizwa kwenye mfereji ni rahisi kufunga na kufungua, lakini hupwaya, na zikishapwaya hazikaziki. Unaishia kuchomeka karatasi. Kitanda kilichopigwa misumari moja kwa moja hakihamishiki bila kuharibiwa.

Paini inaweza kufanya kitanda kizuri kwa gharama ndogo kama vipimo vikiongezwa: ubavu wa 2 kwa 8 badala ya inchi moja na nusu kwa 6. Kwa kitanda cha tatu na nusu kwa sita cha mtoto au mgeni, hakuna sababu ya kutafuta mninga.

Chuma kinashinda penye watumiaji wengi na uangalizi mdogo: mabweni, zahanati, nyumba za kupangisha zenye samani. Tatizo ni unene wa bomba. Bomba la mraba la inchi moja na nusu lenye ukuta wa milimita 1.5 linatosha, lakini la milimita 0.8 linapakwa rangi ile ile na kung'aa vile vile. Ligonge kwa ufunguo usikie, au bora uangalie mdomo wa bomba kabla haujazibwa. Midomo yote izibwe kwa vifuniko vya plastiki, maana bomba wazi ni makao ya kunguni ambayo dawa haifiki. Kwa miji ya Pwani, omba rangi ya msingi ya kuzuia kutu chini ya rangi ya mwisho, na macho yako yaende kwenye sehemu zilizochomelewa, kwa kuwa kutu huanzia hapo.

Kitanda cha chipubodi kwa watu wawili tusikipendekeze. Skrubu inayoingia ukingoni mwa chipubodi imeshika vumbi la mbao lililogandishwa, na mtikisiko wa kila usiku huitafuna mpaka tundu linapanuka.

Kabati la nguo

Hapa mizani inageuka. Kabati linahitaji mapana: mlango wa sentimita 50, ubavu wa sentimita 60, mgongo mzima. Ubao halisi wa upana huo hupinda, na ndiyo maana milango mizuri ya mbao hutengenezwa kwa fremu na kidirisha kinachoelea ndani ya mfereji. Kazi hiyo ni ghali na inataka fundi hasa. Bodi ya MDF ya futi 8 kwa 4, unene wa milimita 18, hailemei upande wowote, inapakwa rangi safi, na kabati la milango mitatu linakamilika kwa bodi nne au tano. Kwa mtu mwenye nyumba yake, sakafu kavu na asiyehama, kabati la MDF ni chaguo zuri kuliko la paini iliyoungwaungwa.

Lakini lina maadui wawili. Wa kwanza ni deki. Maji ya kupigia deki hufyonzwa na ukingo wa chini wa ubavu, MDF huvimba kama mkate uliolowa na haishuki tena. Kabati likae juu ya miguu ya plastiki ya angalau sentimita 5, na kingo za chini, zile ambazo hakuna anayeziona, zipakwe rangi ya mafuta mara mbili kabla ya kusimamishwa. Kuna MDF yenye rangi ya kijani ndani, inayostahimili unyevu wa hewa. Usidanganywe kwamba inavumilia kusimama majini.

Wa pili ni kuhama. Bodi moja ya milimita 18 ina uzito wa kilo 40 hivi, kwa hiyo kabati zima linakaribia kilo 200. Watu hulikokota likiwa limefungwa, mgongo wa milimita 3 unaachia misumari yake, na kabati linakuwa msambamba: milango haifungi sawa tena. Mgongo ule mwembamba ndio unaoshika pembe zote. Ufunguliwe wa mwisho, ufungwe wa kwanza baada ya fremu kusimama, na upigwe msumari au skrubu kila sentimita 15. Tundu lililopanuka hujazwa vijiti vya kiberiti vilivyochovywa gundi ya mbao, huachwa siku nzima, hukatwa sawasawa na kutobolewa upya. Dawa hiyo hufanya kazi mara moja kwa kila tundu. Mpangaji anayehama kila mwaka au miwili atafanya vizuri kununua makabati mawili madogo ya mbao yanayopita mlangoni bila kufunguliwa.

Kuhusu chipubodi yenye gamba la rangi: ni nafuu kuliko MDF, hushika skrubu vibaya zaidi, na gamba lake hubanduka kona. Rafu yake ya milimita 16 isizidi sentimita 60 kati ya nguzo. Kwa vitabu punguza zaidi. Mlango wa mita 2 unahitaji bawaba nne. Ukiona mbili, mlango utaning'inia ndani ya mwaka.

Makochi

Kitambaa ndicho kinachomvuta mnunuzi, na ndicho cha mwisho kukiangalia. Nyanyua mguu mmoja wa mbele kama sentimita 15: wa pili ukibaki sakafuni, fremu inajipinda na viungo vyake ni dhaifu. Fremu ya paini kavu au mkaratusi uliokauka inatosha, ikiwa pembe zimetiwa vipande vya pembetatu kwa gundi na skrubu. Vipande vya mbao za kasha vilivyopigwa misumari havitoshi.

Sponji inapimwa kwa mizani, haipimwi kwa kiganja. Mto wa kukalia wa sentimita 60 kwa 60 wenye unene wa 15 una mita za ujazo 0.054. Sponji nzuri ya kukalia ina kilo 30 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mto huo uwe na kilo 1.6 bila kitambaa. Ukipima kilo moja, umeuziwa sponji ya mgongoni, na baada ya miezi michache utakuwa unakalia mbao. Ngozi bandia ya bei ya chini hubanduka kwa joto na jasho. Kwa Dar es Salaam kitambaa kizito kinachovuliwa na kufuliwa kinadumu zaidi.

Meza na viti vya kulia

Mbao ngumu, bila mjadala mrefu. Kiti kiwe na vipande vya kuunganisha miguu kwa chini, na uso wa meza ufungwe kwa vibano vinavyouruhusu kupanuka. Ukigandishwa kwa gundi kwenye fremu, utapasuka katikati. Meza ya MDF yenye kioo inapendeza mpaka chai imwagike ukingoni.

Fundi au duka

Duka linakupa ulichokiona siku hiyo hiyo. Fundi, awe wa Keko jijini Dar es Salaam au wa Gikomba jijini Nairobi, anakupa kipimo chako na mbao unayoichagua, lakini kwa sharti la kumfuatilia. Malipo ya awali yatoshe kununua mbao tu. Awamu ya pili ilipwe ukishakiona chombo kikiwa kitupu, kabla ya msasa wa mwisho na vanishi, kwa sababu vumbi la mbao lililochanganywa na gundi likishapakwa juu ya kiungo kilichoacha nafasi, hakuna jicho litakaloliona. Salio lilipwe kikishafungwa chumbani. Andikeni kwenye karatasi aina ya mbao kwa kila sehemu, chaga zikiwemo, unene, aina ya viungo na tarehe.

Vitanda vya kuagizwa vina mtego wa vipimo. Fremu ya sentimita 160 kwa 200 si tano kwa sita: godoro la hapa ni 152 kwa 183, litaacha sentimita 8 upande na 17 miguuni. Ama ununue godoro lake pamoja, ama uache.

Kabla ya kuagiza kabati refu, pima dari. Kabati la mita 2.4 lenye kina cha sentimita 60, likiinuliwa kutoka sakafuni, kona yake hupita kwenye kimo cha mita 2.47. Chini ya dari ya mita 2.45 halitasimama kamwe likiwa limefungwa, hata mkiwa kumi. Mwambie fundi atenganishe kisanduku cha juu.